Jiwe la Bibi

Padre wetu wa Kimwani alipoona msingi wa kanisa jipya haupandi, aliacha kutoa Salamu Maria kama malipizi. Ukishaungama, unakwenda mtoni, unabeba jiwe hadi kwenye msingi. Dhambi kubwa, jiwe kubwa. Katibu wa chama alipouona ule mrundo alishangilia kwamba huo ndio ujamaa wenyewe, akamwomba Padre amwazime wenye dhambi wiki moja tu, wajenge zahanati.

Sisi wanafunzi tuliokuwa likizo tulikaa kando ya njia tukisoma mawe.

"Hilo ni la pombe."

"Pombe gani? Hilo ni la mke wa mtu!"

Alhamisi moja akatokea bibi yangu, mzaa mama, yeye anayefagia kanisa tangu sijazaliwa. Kichwani, juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba, alikuwa na jiwe ambalo akina mama wawili walimsaidia kulitwika. Hakuna aliyelisoma kwa sauti, kwa sababu nilikuwepo. Lakini kufika jioni kijiji kilikuwa kimeshampatia dhambi tatu, moja ikiwa ya uchawi.

Mimi nilitaka kujua. Nilimfuata jikoni akimenya ndizi.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nimebeba jiwe."

"Padre kakupa kwa dhambi gani?"

"Hili Padre hakunipa. Nimelitaka mwenyewe. Kanisa si linajengwa?"

"Basi waambie watu!"

"Niwaambie nini? Kwamba mimi ni mwema?" Akacheka. "Hebu litamke neno hilo kwa sauti, usikie linavyonuka."

Nilijaribu. Kweli, lilinuka kidogo. Lakini Jumapili ile Bibi alikuwa amsimamie ubatizo mtoto wa jirani yetu, na alikuwa ameshamshonea kanzu nyeupe kwa mkono. Niliona hatari inakuja, nayo ikaja kesho yake, imevaa koti: baba wa mtoto mwenyewe.

Bibi alimpa punje za kahawa ya kutafuna, kama apewavyo mgeni. Jirani akatafuna, akatazama paa, akasifu migomba.

"Waitu, Mama," alianza kwa heshima, "lile jiwe... lilikuwa zito?"

"Zito sana, baba."

"Maana watu wanasema."

"Wana midomo, waseme."

Nilifungua mdomo wangu. Bibi akaniwahi: "Wewe, kamwangalie mbuzi." Hatukuwa na mbuzi. Nilitoka, nikasimama nyuma ya mlango.

"Mke wangu anaona," jirani alisema, "labda mtoto asimamiwe na shangazi yake kwanza."

Kwanza! Kana kwamba mtoto angebatizwa mara ya pili msimu wa kahawa.

Nilisikia Bibi akifungua sanduku. "Mtoto ni wenu," alisema. "Kanzu yake hii hapa, ichukueni."

Jumapili shangazi alimbeba mtoto ndani ya kanzu ya Bibi. Bibi aliimba vizuri tu, ila mtoto alipolia nilimwona akiinua mikono, kisha akairudisha mapajani.

Jumatatu alishika tena njia ya mtoni. Nikamfuata. Nilitaka kuona kama mtu anaweza kutoa kitu, akatukanwa kwa ajili yake, na bado akatoa kingine. Padre huhubiri hayo, lakini Padre hulipwa kwa sadaka.

"Bibi, leo chukua dogo basi. Watasahau."

"Dogo litaziba tundu la panya tu. Shika upande huo."

Lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Tulilibeba kati yetu, tukitembea upande upande kama kaa. Wenzangu walikuwa palepale kando ya njia.

"Jamani, leo ukoo mzima umeungama!"

Jibu nilikuwa nalo, tena zuri, lingewachoma wiki nzima. Nilimtazama Bibi. Hakugeuka hata kidogo. Nikanyamaza hadi kwenye msingi, na mpaka leo sijui kama ilikuwa nia njema au ni kwamba sikuwa na pumzi.