Bombo za Magharibi

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, mwembamba kama mswaki, mwenye tumbo lisilojua adabu, siku Bibi aliponiona nimevaa sanda.

Ilikuwa shuka la mama, lakini hebu niwaeleze taratibu. Hata leo, nikiwa baba mzima mwenye kitambi cha heshima, kila mwisho wa Oktoba maduka ya Johannesburg yanapotundika mafuvu ya plastiki juu ya mafungu ya nyanya, mimi husimama na kigari changu katikati ya njia kama mtu aliyepigwa kofi. Binti yangu huniambia kwa Kiingereza nisimtie aibu. Anataka biskuti zenye umbo la vidole, zimechomekwa lozi mahali pa kucha. Anataka boga lenye meno. Ijumaa anataka sinema ya kutisha, taa zizimwe, na mimi niwe wa kwanza kupiga mayowe. Namfanyia yote. Naoka vidole, navitafuna, nasema vitamu. Ila jua likianza kuzama, macho yangu hukimbilia mlangoni.

Miaka ile ndiyo kwanza tulikuwa tumefika kutoka Bujumbura, mimi, mama, na Bibi mzaa baba. Tulipanga chumba cha uani huko La Rochelle, mtaa mmoja wa Johannesburg. Mama alipika kwenye mkahawa mmoja Fordsburg, akarudi kila jioni akinuka bizari. Bibi alikanda unga wa maandazi jioni, akayakaanga alfajiri na kuwauzia madereva wa teksi. Kazi yangu mimi ilikuwa Kiingereza. Nilikuwa nimekiokota shuleni haraka kama mafua, kwa hiyo mwenye nyumba akija kufoka, daktari akiuliza panauma wapi, Bibi akitaka kugombana na mtu wa spaza, kile kiduka cha mtaani, juu ya bei ya vitunguu, ulimi ulikuwa wangu. Nilijiona waziri wa mambo ya nje.

Baba hakuwa nasi. Baba anamalizia mambo, atatufuata. Mama alinipa sentensi hiyo tukiwa kwenye basi, akitazama dirishani, na mimi niliikunja nikaitia mfukoni. Nililala upande wa ukutani ili upande wa mlango ubaki wake. Wageni wetu wakija kutoka Hillbrow niliwauliza kama wamekutana naye njiani, nao walinijibu atafika, inshallah, kisha wakaomba chai nyingine.

Sasa Bibi alikuwa na sheria nyingi kuliko serikali. Usipige mluzi usiku. Usifagie jua likishatua, unafagia riziki. Usiitike ukiitwa mara moja tu. Lakini sheria iliyokuwa juu ya zote aliitoa kwao Uvira, upande wa Kongo, na aliisema kwa sauti ya chini: magharibi ikiingia, usipokee chakula mkononi mwa mtu usiyemjua. Kule kwao, alisema, mchawi hana haja ya kuvunja mlango. Anakupa karanga, au kipande cha mkate, au bombo, ndivyo tulivyoziita peremende. Wewe unakula, unashukuru. Baadaye anakuja kudai chake, na hataki bombo. Anataka mtu wa kwenu.

"Mume wangu," aliniambia mara nyingi, maana bibi na mjukuu ni watani, "hilo tumbo lako ndilo litakalotumaliza."

Nilicheka. Kisha akaja Lungelo.

Lungelo tulisoma darasa moja, na nyumba yao ilikuwa pale konani. Mama yake aliiona Halloween kwenye televisheni, ikamkaa rohoni, akawazungukia majirani wachache wa mtaa wetu kuwaomba wawe tayari na peremende jioni ya siku hiyo. Sisi watoto tulitakiwa tujifanye vitisho na kubisha hodi, basi. Ilibidi Lungelo anieleze mara tatu. Kwamba kuna nchi unafunika uso, unagonga mlango wa mtu, unamtisha mtu mzima, na badala ya bakora anakupa peremende? Nilijiambia nimefika kwetu.

Ilikuwa majira ya jakaranda. Barabara nzima ilikuwa ya zambarau, maua yakipasuka chini ya viatu, na upande wa kusini mawingu ya radi yalikuwa yanajipanga. Lungelo alivaa meno ya plastiki yaliyomtoa udenda kiasi kwamba alitisha kweli. Mimi nilichukua shuka jeupe la mama, lile la wageni, nikalitoboa macho mawili. Tulibisha, tukanguruma, tukapewa. Nusu ya changu sikuifikisha nyumbani.

Niliingia chumbani jua linatua, nikiwa bado ndani ya shuka, mikono juu, nikilia kama fisi. Bibi alikuwa anatandika mswala. Nilitegemea mayowe. Hakupiga. Alikaa chini palepale, ghafla, kama mtu aliyekatiwa kamba, akaitazama ile nguo nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, na midomo yake ikataja jina ambalo sikulisikia. Nilicheka zaidi. Nilidhani nimefaulu.

"Vua," akasema. "Vua sanda hiyo."

Nikavua. Ndoo niliyokusanyia ikapinduka, bombo zikatapakaa mkekani, nyekundu, za njano, za kijani. Akaniuliza nimezitoa wapi. Kwa watu. Watu gani? Siwajui. Saa ngapi? Sasa hivi. Umekula? Hapo nilitaka kukana, lakini ulimi wangu ulikuwa wa kijani mpaka kooni.

Uso wake ndio ulionitoa kicheko. Sikuwahi kumwona Bibi akiogopa. Tulivuka mipaka yenye askari wa bunduki, yeye akawaomba maji ya kunywa. Sasa alikuwa anaziogopa peremende, na mimi ndipo nikaanza kuhesabu watu wa kwetu. Bibi yuko hapa. Mama yuko Fordsburg, kwenye nyumba yenye watu. Aliyekuwa peke yake, mbali na dua ya Bibi, barabarani, alikuwa mmoja.

"Watamchukua baba," nikasema, na machozi yakanitoka. "Yuko njiani peke yake, Bibi. Watamchukua baba."

Bibi alinigeuzia mgongo akawasha jiko. Kisha akasema ninyamaze, cha magharibi hii kinaweza kurudishwa magharibi hiihii, kabla ya isha, chakula kwa chakula, mkono kwa mkono, na hakuna atakayekuwa na la kudai. Aliswali upesi kuliko nilivyowahi kumwona akiswali. Unga wa kesho ulikuwa umeshaumuka. Akakaanga maandazi kwa kasi ya mtu anayezima moto, akayapanga kwenye sinia, akafunika kitambaa, akajitanda kitenge, akanishika mkono. Nikatoka tena barabarani, safari hii bila kinyago, nikiwa naogopa kweli.

Fikirini wale majirani. Wamegawa peremende, wamekaa, wanaona zoezi limekwisha. Mara kengele inalia, na langoni yuko bibi kizee kutoka Bujumbura amejitanda mpaka kidevuni, hasemi, anamsukumia mtu andazi la moto katikati ya vyuma vya geti. Mama yake Lungelo alilipokea, akaliuma, akasema eish, gogo, yaani bibi, hii ni gwinya tamu, ndivyo wao waitavyo andazi. Jirani wa pili alidhani tunauza, akatoa pochi, na Bibi akaniagiza nimwambie aiweke mbali kabla hajatuharibia. Kijana mmoja mwenye mbwa alimwangalia Bibi juu hadi chini na kumwambia kwamba mavazi yake yameshinda ya watoto wote wa mtaa. Hilo sikulitafsiri. Kila andazi likipokewa, Bibi alisema kwa Kiswahili, "Tumerudishiana," na mimi nilihisi baba amesogea hatua moja karibu na sisi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Dona Lurdes, mjane wa Kireno aliyeletwa na mumewe kutoka kisiwani kwao Madeira akiwa bado msichana. Alivaa nyeusi kuanzia shingoni hadi soksi, na watoto wote tulimwogopa. Alikuwa ametupa karameli bila neno. Alipofungua mlango mara hii aliangalia sinia, akamwangalia Bibi, akaniangalia mimi, akaziba mdomo kwa mkono.

Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu, lakini nilikielewa. Alisema kwao kijijini, siku ya watakatifu wote, ambayo ni kesho yake, watu hupelekeana mkate mlangoni, na mkate huo hutolewa kwa ajili ya roho za marehemu. Alisema tangu aondoke kisiwani hakuna aliyewahi kufika kwenye mlango wake na mkate. Akalipokea andazi kwa mikono miwili, na Bibi, aliyependa adabu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu Dona Lurdes akauliza mkate huu ni wa nani. Ni marehemu wenu yupi?

Nikatafsiri. Ndiyo kazi yangu.

Bibi alikuwa na marehemu wengi wa kuchagua. Alikuwa na mume, dada wawili, wazazi. Lakini yule mama wa watu alikuwa amemuuliza jambo ambalo kwetu lina jina: chakula kinachotolewa kwa ajili ya marehemu ni sadaka, na sadaka ni nia, na nia hudanganyi. Mpaka leo sijui kama jibu lilimponyoka au alilitoa.

"Mwambie wa Rajabu."

Nikalibeba jina lile kutoka lugha moja hadi nyingine kama nilivyobeba bei za vitunguu. Dona Lurdes akauliza Rajabu ni nani. Nikajibu kwa Kiingereza safi, kifua mbele, kwamba ni baba yangu.

Akafanya ishara ya msalaba. Akaniwekea mkono kichwani.

Nami nikacheka. Nikamwambia hapana, Bibi hakulielewa swali, mnisamehe, baba yangu yu hai, yuko njiani, ana mambo anamalizia kidogo. Nilieleza kwa kirefu. Nilieleza vizuri sana. Kisha nikamgeukia Bibi ili aniambie neno la kurekebisha, nikakuta hawaniangalii. Wale wazee wawili walikuwa wanaangaliana juu ya lile sinia, huyu hajui Kireno, yule hajui Kiswahili, na hakuna aliyekuwa na haja nami. Katika watu watatu pale mlangoni, ambaye hajaelewa alikuwa mkalimani.

"Ni zile bombo?" nikauliza. Nilidhani imetokea dakika ileile. Nilidhani tumechelewa kwa nyumba moja.

"Siyo bombo, Hamisi." Hakuniita mume wangu. "Ni watu waliomchukua. Kabla hatujapanda basi."

Sikumbuki tulivyorudi. Nakumbuka mvua ya mawe ilianza kupiga bati, na mama akaingia amelowa, na kabla hajavua viatu Bibi akamwambia, "Ameshajua." Mama alikaa kizingitini, nusu ndani, nusu mvuani. Hakuna sinema ambayo binti yangu ameniwekea mpaka leo iliyonitisha kama mkao wake ule.

Kesho yake watu wakaja. Walitoka Hillbrow, wakatoka Fordsburg, Warundi kwa Wakongo, na sufuria, na mikeka, na sukari. Na hapo ndipo mshtuko wa pili uliponikuta, ambao nafikiri bado haujaniisha: wote walikuwa wanajua. Kinyozi wangu alijua. Mama wa dagaa alijua. Wale wa atafika inshallah, wote. Mjane wa kwetu hukaa eda, ndani, bila mapambo, watu wakimhudumia. Mama hakukaa hata siku moja. Angekaaje, na mimi mwenye maswali yangu nikiwa chumba hichohicho? Alipaka wanja akaenda kuwapikia wengine pilau za harusi.

Watu huniuliza kama naamini mambo ya Bibi, na huwa nawajibu kwa mzaha ili tuendelee kula. Ukweli ni kwamba nilizunguka milango ile nikidhani tunamwokoa baba. Bibi alikuwa hana tena mwana wa kuokoa. Alichobakiwa nacho kilikuwa kimemshika mkono, ulimi wa kijani, kinalia.

Siku ile ya watu, mzee mmoja aliniita nitoke kwa wanawake nikakae kwenye mkeka wa wanaume. Nikakaa. Wakaanza kusoma Fatiha, na upande wa pili wa pazia nikamsikia mama akilia kwa sauti, bila haraka, kama mtu aliyeruhusiwa. Kumbe miezi yote ile nyumba haikuwa inamsubiri baba. Ilikuwa inanisubiri mimi.