Ndege Zikifika kwa Dada

Mtaani walimwita Bwana Futi, maana mkaguzi huyo wa majengo hakutoka bila futi yake ya kupimia mfukoni. Sheria aliijua kama jina lake: upande ule ndege zinakopita chini zikienda kutua uwanjani ni nyumba za chini tu, ghorofa marufuku. Ukikaidi, anakuchorea msalaba mwekundu ukutani, na nyundo zinafuata. Mama Pacha, mjane, alibomolewa chumba cha juu vyombo vikiwa bado ndani. Alipolia, Bwana Futi alimjibu, "Mama, sheria haina shemeji."

Asubuhi moja alikuwa akichora misalaba mtaa wa nyuma, upande huohuo, Mama Pacha na majirani wakimfuata nyumba kwa nyumba. Alipofika kwenye ghorofa mpya ya dada yake, akaipita kama haioni, akaelekea nyumba ya pili.

"Mwanangu," Mama Pacha akamwita, "kumbe ndege zikifika hapa hujiinua kidogo?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Futi akaweka chini kopo lake la rangi nyekundu. Akaropoka kwamba hii itapimwa siku nyingine, na kwamba mwenye nyumba wala hamjui.

Dirisha la juu likafunguka. "Kaka!" dada yake akaita kwa furaha, hana habari. "Panda basi unywe chai, ukione na hiki chumba ulichonichorea ramani!"

Safari hii hakucheka mtu. Bwana Futi akainamia viatu vyake. Mama Pacha akaokota kopo la rangi, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu wa heshima.