Chanja ya Jokébed

Samaki walipoanza kudondoka motoni, Jokébed alilaumu mikono yake. Alikuwa mkausha samaki wa Kyavinyonge, kijiji cha kando ya ziwa, na alichokikausha kilipanda mlima hadi masoko ya Butembo. Chanja yake ya vyuma ya kubanikia samaki aliachiwa na mama yake, na katika maisha yake yote haikuwahi kumpotezea tilapia hata mmoja. Sasa anageuza samaki, pwaa, keshazama kwenye majivu! Mikono haikuwa na kosa. Samaki walikuwa wamepungua mwili mpaka kutia aibu.

Sababu ilijulikana, ila ilibeba bunduki. Ilikuwa mwaka 2001, wakati wa waasi, na komanda wao alikuwa ameruhusu nyavu za matundu madogo zitupwe kwenye ghuba ya matete, mahali tilapia wanapolelea watoto. Tilapia jike hubeba watoto wake kinywani. Ukimvua pale, umevua ukoo mzima. Komanda aliambiwa. Alicheka tu, maana samaki wa ghuba ile walikuwa wake.

Wanawake wengine wakaona dawa ni kuongeza waya katikati ya vyuma vya chanja. Jirani yake Mariette, ambaye mdomo wake haukujua likizo, aliongeza hadi chanja ikafanana na chujio la chai.

"Jokébed, ongeza waya basi! Ao unangojea samaki ikomae mu moto?"

Jokébed aliitazama waya aliyopewa mkononi. Leo hii moja, kesho nyingine, na kesho kutwa watakausha nini, mayai? Watoto wake watano walikuwa wamelelewa na moshi ule. Aliogopa, tena aliogopa sana. Akaitupa waya.

"Miye sitaongeza kitu. Samaki yenye kupita mu hii chanja, sitaichoma tena. Hata ikiwa ya komanda."

Kwa mara ya kwanza neno la Mariette lilikuwa fupi: "Basi hata miye."

Jumapili, baada ya ibada, habari ilipita kwa mama mmoja hadi mwingine, na Jumatatu samaki wadogo wa komanda walilala ufukweni bila moto. Komanda akaja mwenyewe, askari nyuma yake.

"Mama, yaka awa, njoo hapa! Juu ya nini moto imezimika?"

"Mon commandant, moto iko. Samaki ndiyo hapana. Lete kubwa, tutaichoma leo leo."

"Unajua miye ni nani?"

"Nakujua, papa." Alikaza kitenge kiunoni. "Lakini samaki haikujui."

Askari mmoja aliangua kicheko, akajidai anakohoa. Komanda aliipiga chanja teke, ikaanguka. Kisha akatangaza kwamba moshi ni moshi, na askari wake watakausha wenyewe.

Walikausha! Walipanda mlimani, wakakata mikaratusi mibichi, wakaichoma na majani yake yote yenye harufu kali. Mzigo ulipofika Bulengera, mjini Butembo, mama mmoja wa sokoni alinusa samaki, akamrudisha kwenye kikapu.

"Hii ni samaki ao dawa ya kikohozi?"

Mzigo wote ukarudi ulikotoka. Uliofuata, kwa kukosa mnunuzi, ulioza ufukweni, chini kabisa ya dirisha la komanda, na upepo wa ziwani ulimpelekea harufu mezani bila kupiga saluti. Mwenye jeshi lake alishindwa na nzi. Akaamuru nyavu zitoke kwenye ghuba, akisema ni wazo lake mwenyewe alilolifikiria kwa muda mrefu. Hakuna aliyembishia, wazo apewe, mradi ghuba ipumue.

Ghuba ilipumua. Vita havikuisha, bunduki zilibaki, lakini mvua zilipita zikarudi, na asubuhi moja wavuvi walitua na tilapia ambao mikia yao ilining'inia nje ya makarai. Mariette alikuja na koleo, akaanza kuzing'oa waya za chanja yake, akizitukana moja baada ya nyingine kama wapangaji wasiolipa.

Jokébed alichagua samaki mmoja, akamlaza juu ya vyuma vya mama yake. Akamgeuza. Samaki alitulia palepale, mpana, akichuruzika mafuta. Jokébed akacheka kwa sauti, kisha akalia mbele ya watu wote, na wala hakusingizia moshi.