Mnara Tuliouvunja kwa Mikono Yetu

Jumamosi moja, kabla vita havijapanda kwetu, tulikuwa kanisani tukisugua sakafu kwa maji ya chemchemi. Kaka yangu Gaspard, fundi ujenzi, alikuwa juu ya paa akibadilisha vigae vilivyopasuliwa na mvua ya mawe. Kila vumbi lilipotuangukia, mke wake Consolate alimfokea, naye akacheka. Baadaye tulikula maharage kivulini mwa ukuta, kila mtu akaenda kwake.

Lilikuwa kanisa la kijiji, kwenye vilima vinavyoitazama Bujumbura. Msingi wake ni wa mawe ya mtoni, kuta ni za matofali mekundu, mihimili ni ya mikaratusi. Madirisha hayakuwa na vioo. Mafundi wa zamani walipanga matofali kwa kuacha nafasi, upepo ukapita, na jua likaangukia sakafuni kwa vipande vidogo vya mraba. Mama yetu alikuwa msichana lilipojengwa. Alitusimulia kwamba kila aliyetoka misa ya Jumapili alishuka kwenye tanuru bondeni akapanda na tofali kichwani, hata wanawake wenye mimba. Mnara uliongezwa miaka kadhaa baadaye, matofali yakibebwa vivyo hivyo, kwa sababu watu wa upande wa pili wa kilima walilalamika kwamba hawasikii kengele. Ulikuwa wa pembe nne, na ngazi nyembamba ndani. Ukifika juu, uliiona barabara yote, mji, ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo.

Huko kuona mbali ndiko kulikotuponza.

Vita vilipofika, waasi walikaa mgongoni mwa kilima, juu yetu. Wanajeshi walikaa chini, karibu na barabara. Watu waliochomewa nyumba walikuja kulala kanisani na watoto wao, mikeka yao na mbuzi wachache waliobaki. Padri wetu, mzee mwembamba asiyependa maneno mengi, aliondoa mabenchi ili wapate nafasi. Mimi na Consolate tulipika uji nyuma ya sakristia.

Asubuhi moja wanajeshi walipanda mnarani na bunduki kubwa.

Waasi wakajibu kutoka juu.

Tulilala kifudifudi, watoto chini yetu. Risasi zilipita kwenye zile nafasi za madirisha. Kulipotulia, bibi mmoja aliyekuwa ameegemea kisima cha ubatizo hakuinuka. Rozari ilikuwa bado mkononi.

Wanajeshi walishuka jioni, wakaondoka. Kesho yake waasi walituma mtu kwa padri. Alisema wanajeshi wakipanda tena, watauangusha mnara kwa kombora, na watu waliomo ndani si shauri lao. Padri akashuka kwa wanajeshi kuwaomba wasirudi. Huko nako aliambiwa kwamba waasi wakionekana mnarani, utapigwa kutoka barabarani. Alirudi kwa miguu, akaketi kwenye ngazi za mlango bila hata kunywa maji.

Ndipo Gaspard akasema tuuvunje sisi wenyewe.

Watu walinung'unika. Wengine walisema ni kumvunjia Mungu nyumba. Aliyepinga zaidi ni mama yetu.

"Apana, Gaspard. Yale matofali niliyabeba na kichwa changu. Baba yako pia aliyabeba."

Kaka yangu alimtazama padri, na sote tukamtazama. Padri akasema, "Tumebatiza watu, mama. Mnara hatujaubatiza."

Walianza na kengele, wakaishusha kwa kamba za kufungia ng'ombe. Gaspard alipanda na vijana wawili, akawa anang'oa tofali moja moja kwa patasi ili paa lisiumie. Sisi wanawake tulijipanga kwenye ngazi, tukapokezana. Matofali yalikuwa na joto la jua. Mengine yalikuwa bado na alama za vidole vya walioyafinyanga. Mama hakuja mwanzoni. Kazi ilipofika katikati nilimwona ameingia kwenye mstari, ananyoosha mikono kama wengine, hamtazami mtu.

Mara mbili risasi zilipigwa kutoka bondeni. Mara zote mbili Gaspard alijilaza juu ya ukuta, akangoja, akaendelea.

Mnara ulipolingana na paa, alishuka. Alikuwa amevaa singileti tu, mwili wote mwekundu kwa vumbi. Aliomba maji ya kunawa.

Kabla hajaletewa, wanajeshi walikuwa uani.

Mkubwa wao aliangalia juu, akauliza ni nani aliyeharibu mahali pao pa kuangalia adui. Padri alipiga hatua mbele. Gaspard akamtangulia.

"Ni mi."

"Nani alikutuma? Wale wa juu?"

"Hakuna mutu alinituma. Mi ni fundi."

Padri alisema amri ilikuwa yake. Hawakumsikiliza. Walimfunga kaka yangu mikono nyuma, wakamwelekeza barabarani. Aligeuka mara moja, akamwambia mke wake kwa sauti ya kawaida kabisa, "Consolate, niletee shati."

Consolate alikimbia nyumbani. Aliporudi na shati, walikuwa wamekwisha kukata kona. Alishuka mbio hadi barabarani. Lori lilikuwa limeondoka.

Wiki hiyo hiyo mapigano makubwa yalifika. Makombora yalipita juu ya kanisa, yakaanguka kwenye migomba na kwenye makaburi. Hakuna aliyepanda kanisani kupiga bunduki, kwa kuwa hapakuwa na pa kupanda. Vigae vilivunjika, lakini kuta zilisimama. Watu waliokuwa ndani walitoka wakiwa hai, hata watoto wachanga.

Gaspard hakurudi. Padri alizunguka kambi na magereza akimwulizia, mpaka miguu ikamshinda. Kote aliambiwa hajulikani. Mama alikufa bila kuwa na kaburi la mwanawe la kwenda kupalilia. Hakuwahi kumlaumu padri mbele yangu, wala hakupokea tena komunyo mkononi mwake.

Mimi niliteremka mjini, na sasa naishi Kibenga, nashona nguo. Consolate alibaki kilimani. Juzi juzi parokia ilipata padri kijana, akataka mnara ujengwe upya. Kwanza alikwenda kumwomba ruhusa Consolate, na mimi nikaitwa niwepo. Consolate alimsikiliza hadi mwisho.

"Jengeni," alisema. "Lakini siku ya kuubariki musiniite."

Siku hiyo askofu alipokuja kuubariki, nilikwenda peke yangu. Watu walijaa hadi nje. Niliona watu wazima ambao niliwanywesha uji wakiwa watoto, wamekuja na wake zao na watoto wao, wanapiga makofi. Nilifurahi kuwaona. Na nilipowatazama nilijua pia kwamba hata wangekuwa mara mbili ya wale, nisingeweza kusema inatosha, ndugu yangu, tumelipwa.

Baada ya misa nilipita kwa Consolate. Alikuwa uani akichambua maharage. Hakuuliza ni nani waliokuja, wala askofu alisema nini. Aliniuliza kama mnara umenyooka.

Nikamwambia umenyooka.

Aliitikia kwa kichwa, akanisogezea ungo, tukachambua pamoja.