Katapila Shambani kwa Ummuhan

Nurettin hakuwa na desturi ya kuzungumza na mashine kama wafanyavyo madereva wengi wa katapila, lakini siku ya tatu ya moto wa msitu karibu na kijiji cha Kozalan alijikuta akiibembeleza. "Twende, mama. Twende," aliiambia, mkono wake ukiwa umeshika wenzo uliochomwa na jua kiasi cha kumlazimu auviringishie taulo. Kipimajoto cha ndani ya kibanda kilifika hamsini kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo hakukitazama tena. Feni ilikuwa inamrudishia joto lile lile usoni, likiwa na vumbi na majivu.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kazi alifundishwa na mjomba wake, wakichonga barabara za milimani ambako ukikosea hatua moja hata maiti yako haipatikani. Baadaye aliajiriwa kwenye vikosi vya moto wa misitu, akamwoa Gulten, wakapata mabinti wawili. Tangu wakati huo, kuanzia mwezi wa sita hadi mvua za kwanza, yeye alikuwa mali ya msitu. Simu ikilia anaondoka na tonge mdomoni. Gulten alipenda kuwaambia jirani zake kwamba yeye ni mke wa mtu miezi minane, na miezi minne iliyobaki ni mjane anayefua nguo zenye moshi.

Kiangazi kimoja, miaka minane nyuma, upepo ulimgeukia akiwa peke yake mlimani. Alizunguka na katapila papo hapo hadi akapata duara la udongo mtupu, akajilaza kwenye sakafu ya kibanda, akajifunika blanketi lililolowa, akasikiliza rangi ya mashine ikitokota kama maharage. Alitoka mzima. Kitu pekee alichokiacha pale ni ile tabia ya kusema "najua" mbele ya moto.

Saa nane na nusu mchana redio ya upepo ilikoroma. Ilikuwa sauti ya Tevfik, mkuu wa kikosi.

"Nurettin, unanipata?"

"Nakupata, mkuu."

"Moto umevuka kigongo cha mlima. Nataka kingamoto kutoka korongoni mpaka barabara ya lami, upana mita kumi na mbili, udongo mtupu, nisione hata jani. Una dakika arobaini. Upepo ukituhurumia, hamsini."

"Hapo katikati si pana shamba?"

"Pana mizeituni. Mwenyekiti wa kijiji kasema kata. Watu wote wameshaondolewa. Kata!"

Si watu wote walioondolewa. Nurettin alipopanda kutoka korongoni, huku misonobari ya ng'ambo ikiwa tayari imefunikwa na moshi wa rangi ya kutu, alimwona bibi mmoja ameketi juu ya ukuta wa mawe wa ngazi ya kwanza ya shamba. Amejifunga kitambaa cheupe kichwani, fimbo ameilaza mapajani, katulia kama anayengoja wageni wa arusi.

Nurettin alisimamisha mashine, akashuka bila kuzima injini.

"Salaam alaikum, shangazi."

"Alaikum salaam. Salamu yako imekuja na meno ya chuma."

"Mbona hukuondoka na wenzako? Trekta halikupita kwako?"

"Lilipita. Nilijificha nyuma ya magunia. Waliita 'Ummuhan, Ummuhan' mpaka wakachoka. Zunguka, mwanangu. Hapa hapapitiki."

"Nizunguke wapi? Juu jabali, chini nyumba zenu."

"Pita kwenye nyumba. Nyumba yangu ilijengwa kwa mwaka mmoja. Miti hii babu yake mume wangu aliikuta mizee."

Kiunoni mwa Nurettin redio ilikoroma tena: amefika wapi? Akaizima sauti. Cheche zilikuwa zimeanza kuanguka, moja moja, na kila ilipoangukia nyasi palitoka uzi wa moshi. Alikwenda akaukanyaga mmoja, akarudi.

Bibi alimtazama akikanyaga. "Nitaondoka kwa sharti moja," alisema. "Apa."

"Niape nini?"

"Kwamba moto utafika hapa. Apa kwa Mungu, na mimi naondoka sasa hivi, sitageuka nyuma."

Lilikuwa neno jepesi kulitamka. Angeapa, bibi angeshuka ukutani, na ndani ya nusu saa mkanda wa kingamoto ungekuwa umenyooka kama kamba mpaka kwenye lami. Nani angemlaumu? Moto ulikuwa unaonekana kwa macho. Alifungua mdomo kuapa, kisha akatikisa kichwa.

"Siwezi, shangazi. Upepo ukibaki hivi, utafika. Ukigeuka, hautafika. Mimi sijui."

"Kwa hiyo unaniulia miti yangu kwa labda."

"Ndiyo. Kwa labda."

Bibi aligeuka kuutazama moshi. Mlio wa moto ulikuwa umebadilika. Haukuwa tena mchakacho wa kuni jikoni, bali mngurumo kama lori linalopanda mlima kwa gia nzito. Nurettin alihesabu pumzi zake na kujiambia: akikataa nitambeba, na akinipiga kwa fimbo anipige.

"Mwenyekiti kaniambia asubuhi hakuna atakayegusa mzeituni wangu," Ummuhan alisema mwishowe. "Mwongo mkubwa, na mama yake alikuwa hivyo hivyo. Haya, nishushe." Aliponyanyuka aliinyoosha fimbo. "Anza na ule pale. Mvivu ule. Unazaa mwaka mmoja, unalala miaka mitatu."

Alitaka kutangulia mbele ya mashine kwa miguu amwonyeshe njia, lakini Nurettin hakukubali: vumbi likishanyanyuka angeweza kumponda asijue. Ikabidi ampandishe kibandani na kumkalisha juu ya sanduku la vifaa, magoti yake yakigusana na wenzo.

"Mkuu wangu akiniona na abiria atanifukuza kazi."

"Akufukuze. Utakuja kuniokotea zeituni, mshahara wako utakuwa mkate."

Wakaanza. Mti wa kwanza uling'oka kirahisi, mizizi ikapasuka kwa mlio wa nguo inayochanwa. Ummuhan hakutazama nyuma. Alikuwa anaonyesha kwa fimbo kupitia kioo kilichojaa majivu: huu chukua, ule uache, pita baina ya hii miwili, taratibu, utapita. Nurettin aliipinda mashine huku na huku kama mtu anayepita na sinia la chai kwenye chumba kilichojaa watu. Jasho lilimwingia machoni hadi akawa anaendesha kwa jicho moja. Harufu ya majani mabichi yaliyopondwa ilipanda mpaka kibandani, ikachanganyika na moshi, wote wawili wakakohoa.

Alipofungua tena sauti ya redio, Tevfik alikuwa anafoka. "Naona mkanda wako kutoka huku juu. Umepinda kama mkia wa mbwa! Umelewa?"

"Kuna mawe, mkuu."

"Mwambie makubwa sana," Ummuhan alinong'ona.

"Nani huyo?"

"Redio inakwaruza, mkuu," alisema Nurettin, akaendelea.

Waliinusuru mingi kwa namna hiyo. Lakini karibu na mwisho, mahali ambapo kulia palikuwa na tangi la maji la kijiji na kushoto poromoko, ulisimama mzeituni mmoja ambao watu watatu walioshikana mikono wasingeuzunguka. Shina lake lilikuwa limejisokota na kupasuka katikati, kiasi kwamba mbuzi angeweza kulala ndani. Nurettin alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia. Alimsubiri bibi aonyeshe upande. Fimbo haikunyanyuka.

Nyuma yao kichaka kilishika moto. Vijana wa kikosi, waliokuwa wamefika na boza la maji, walikikimbilia na mpira, wakipigiana kelele.

"Unangoja nini?" Ummuhan aliuliza, ncha ya kitambaa akiwa ameiuma kwa meno. "Unataka nishuke nikusaidie kusukuma?"

Alisukuma. Mti haukutikisika. Akarudi nyuma, akasukuma mara ya pili, ya tatu, minyororo ikichimba udongo mahali pamoja. Mara ya nne kitu kilikatika chini kabisa, mashine nzima ikaruka mbele, na mzeituni ukalala ubavu polepole. Bibi alisema "Innalillahi," kama asemavyo mtu akiletewa habari ya msiba wa jirani.

Walitokea kwenye lami ndimi za moto zikiwa zimebakiza kama mita mia nne. Nurettin alimkabidhi bibi kwa dereva wa boza, naye akageuka kwenda kuupanua mkanda. Alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, akitazama ng'ambo kila alipogeuka.  Ile siku ya blanketi ilimrudia akilini.

Yapata saa kumi na moja jioni majani ya mizeituni yaliacha kucheza. Kwa muda upepo ulikata kabisa, moshi ukasimama wima. Kisha hewa ikaanza kuvuma kutoka upande wa bahari, nyororo, yenye ubaridi kidogo. Moto ukarudishwa kule ulikotoka, kwenye ardhi uliyokwisha kuiteketeza, na huko ukakosa cha kula.

Haukufika. Mkanda ulilala pale mwekundu, msafi, hata jiwe moja halikupata weusi. Pembeni yake ilikuwa imelala mizeituni ishirini na miwili.

Tevfik alikuja na gari, akampiga bega. "Tumshukuru Mungu! Kazi nzuri, hata kama imepinda."

"Alhamdulillahi," Nurettin alijibu, na neno hilo lilitoka moyoni. Lakini alipoletewa mkate, nyanya na mtindi wa chumvi, alikunywa mtindi tu.

Watu wa Kozalan waliporudi majumbani mwao, wengine walimbusu mashavu. Wengine, kufika kesho yake, walikwishaanza kusema barazani kwa muuza chai kwamba miti imekatwa bure, kwamba hata mtoto angejua upepo ule ungegeuka. Mwenyekiti wa kijiji naye alikuwa miongoni mwao. Ummuhan hakuonekana mlangoni.

Nyumbani Nurettin alimsimulia mkewe. Gulten alisikiliza huku anachambua maharage, kisha akauliza, "Ungeapa, ingekuwaje?"

"Angeondoka mapema. Ningekata moja kwa moja, ingekwenda miti kama arobaini."

"Basi ulimwokolea kumi na minane. Lala."

Hakulala vizuri. Siku nne baadaye alimwendea Tevfik kuomba katapila kwa siku yake ya mapumziko, kabla mizizi haijakauka kabisa.

"Mashine ni ya moto, si ya bustani," Tevfik alisema. Akamtazama kidogo, akaandika kwenye kitabu kwamba Nurettin amekwenda kurekebisha mkanda wa Kozalan.

Safari hii Ummuhan alifungua mlango mwenyewe. "Umekuja kumalizia?"

"Nimekuja kuirudisha, kama bado ina uhai."

Walikata matawi, wakayasimamisha mashina kwenye mashimo mapya, wakaifunika mizizi kwa udongo na magunia mabichi. Wanaume wa kijiji walichungulia kwanza, mmoja akaja na pipa la maji, kisha wakaja wengine na mapipa yao. Bibi aliwasimamia wote kwa fimbo, na hakuna aliyesalimika na ulimi wake. Mwenyekiti alipotokea na ndoo, alimwambia, "Wewe mwagia hapo, na usiuahidi huo mti kitu chochote."

Katika jua kali namna ile si rahisi mti kushika. Ilipofika Novemba, wakati wa mavuno, sita ilikuwa imechipua vijani vidogo kama masikio ya panya. Mingine ilikuwa kuni. Ule mkubwa ulikuwa kuni vilevile. Ummuhan alikuwa ameshaupasua na kuupanga ukutani.

Nurettin alikuja na Gulten siku hiyo. Alimkuta bibi ametandika turubai chini ya mti, anaokota. Walisalimiana, akaulizwa habari za mabinti, akajibu. Kisha bibi akasema bila kuinua kichwa:

"Ungejua upepo utageuka, ungesimama?"

"Ningesimama, shangazi."

"Na mwakani, usipojua tena?"

Nurettin alitazama mkanda. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaotesha nyasi juu yake.

"Nitakata."

Ummuhan alitikisa kichwa. Haikujulikana kama anakubali au anasikitika. Alichukua ufito mrefu wa kupigia matawi ili zeituni zianguke, uliokuwa umeegemezwa ukutani, akamnyooshea.

"Basi piga huko juu, mimi sifiki. Na usiyavunje matawi. Mikono yako naijua."

Alipiga hadi alasiri. Gulten na bibi waliokota chini, wakimsema yeye kwa sauti ya kutosha kumfikia masikioni. Jioni walijaza magunia manne, wakala supu ya dengu, na hakuna aliyeutaja moto.

Mwezi wa sita simu yake ililia. Lilikuwa bonde jingine, lenye jina ambalo hajawahi kulisikia, na joto la siku ile lilikwishapita arobaini. Alitoka na tonge mdomoni.