Jina la Mkata Nguo

Mwaka jana, kwa muda wa miezi mitatu, mimi Shariffa binti Badr, mwanamke wa miaka sitini na moja, muuguzi mstaafu, nilikuwa nikikaa kiti cha nyuma cha gari la kufundishia udereva kila Jumapili na Jumatano saa kumi za alasiri. Sikuwa najifunza, msinicheke. Leseni nnayo tangu wengi wenu hamjazaliwa. Nilikuwa nikichunga heshima ya ndugu yangu Thabit.

Thabit ni mwalimu wa udereva, na ana sharti lake: mwanafunzi akiwa mwanamke peke yake, gari haliondoki mpaka awepo mtu wa tatu. Walimu wengine siku hizi hawajali, na walimu wanawake nao wapo tele, lakini yeye kalishikilia hilo kama kiapo. Basi mtu wa tatu ni mimi, na chupa yangu ya chai ya maziwa, na kibakuli cha mandazi. Mwanafunzi akikosea gia nafunga macho na kuvuta uradi.

Ndugu yangu huyu ana miaka hamsini na nne, mrefu, maneno yake ya kuhesabu. Mkewe alifariki binti yao Hind ana miaka sita, na tangu siku hiyo tunakaa nyumba moja, hapa Azaiba, Muscat. Hind nimemlea mimi. Nimemsuka nywele, nimemchapa, nimemwombea mitihani yake yote, na leo anafanya kazi maabara ya hospitali, anavaa koti jeupe. Nikisema mwanangu nna haki.

Kisha akatokea Maan. Kijana wa Ansab, fundi wa ndege pale uwanjani, mpole, salamu zake ndefu mpaka unachoka kuitikia. Hind alikuwa akilisikia jina lake tu, anaanza kupanga vikombe visivyohitaji kupangwa. Mama yake Maan, Bi Wadha, alinipigia simu mwenyewe, tukacheka, tukapatana. Ila baba yake Maan ni marehemu, na neno la mwisho lilikuwa la ami yake, Sheikh Hamood. Huyo akaleta ujumbe kwamba watakuja kuposa Alhamisi ya wiki ya pili, lakini kwanza anataka kujua: hawa watu wa jina la al-Khayyat ni kabila gani?

Al-Khayyat si kabila. Ni mtu anayeshona nguo, basi.

Babu yetu, Salem, alikuwa fundi cherehani Unguja, na mji mzima ulimjua kwa Fundi Salem. Kule lilikuwa jina la heshima, hata harusini aliitwa hivyo. Aliporudi Muscat miaka ya sabini akapanga foleni na wenzake kuandikishwa uraia. Kila mtu akiulizwa anajulikana kwa nani, anataja kabila lake. Babu alikuwa na miezi minne hana kazi, na Mungu amrehemu, akadhani anatafutiwa kazi. Akatoa kifua: "Al-khayyat! Na suti pia nashona!" Karani akaandika. Suti hazikuandikwa, namshukuru Mungu.

Tukalicheka jambo hilo miaka na miaka, mpaka babu akafa, na baba akafa, na hakuna aliyetwambia kabla ya cherehani tulikuwa kina nani. Na mtu asiye na kabila hapa, watu humtafutia. Watasema babu yao alinunuliwa sokoni. Watasema kwa sauti ndogo, kwenye kahawa, huku wanakutabasamia.

Mimi si mtu wa kukaa nikalia. Nilimjua Anas, mzee mmoja wa Mutrah aliyetoka Unguja, ambaye anajifanya kumjua kila aliyewahi kupita kule. Nikaongea naye. Akasema yuko tayari kula yamini kwamba Fundi Salem alikuwa mtu wa kabila fulani kubwa, ambalo sitalitaja, wasije wenyewe wakanigongea mlango. Nikamwendea Thabit na furaha yangu.

"Babu alisema hivyo?" akaniuliza.

"Babu hakusema kitu."

"Basi Anas kajuaje?"

Nikamwambia asiniletee ukadhi. Akachukua ndoo akaenda kuosha gari lililokuwa safi.

Sasa, wiki hiyo hiyo mwanafunzi wetu wa alasiri alikuwa mwanamke Mdachi, kama wazee wetu walivyowaita Wajerumani. Jina lake Ulrike Schneider. Alikuwa akifanya kazi kliniki moja ya Qurum, anawanyoosha watu viungo, na kwao maisha yake yote alikuwa na baiskeli tu. Ukikaa Qurum huna gari, hata mkate huufikii. Mkono wake ulikuwa mzuri barabarani, lakini mapipa yalimshinda. Mtihani wa hapa sharti urudi kinyumenyume ukaliingize gari katikati ya mapipa bila kuyagusa, na yeye alishayagusa mara mbili mbele ya askari wa mtihani.

Jumatano hiyo tulikuwa tunangoja zamu yetu kwenye kiwanja cha mazoezi. Akawa anaitazama kadi ya Thabit iliyobandikwa mbele, anaisoma herufi moja moja, maana alikuwa akijifunza Kiarabu jioni. Mara akapiga kelele nikamwaga chai.

"Al-Khayyat! Mwalimu, mimi na wewe jina letu moja!"

Akatueleza kwa Kiingereza. Schneider ni mkataji, mtu anayekata kitambaa, yaani fundi wa nguo. Zamani kwao, karne nyingi nyuma, mtu alikuwa na jina moja tu. Miji ikajaa watu, kina Johannes wakawa kumi katika mtaa mmoja, haijulikani nani anadaiwa kodi. Wakaanza kuwaita kwa kazi: Johannes msaga unga, Johannes mhunzi, Johannes mkata nguo. Baba akifa, mtoto akabaki na jina hata kama hakuijua sindano.

"Na hamuoni haya?" nikamuuliza. Nilikuwa na ghadhabu zangu, na hakuwa na kosa masikini.

"Haya? Zamani walichekwa sana. Waliitwa mbuzi. Watu wakimuona fundi njiani wanamlilia meee."

Lo! Nikacheka bila kutaka. "Na sasa?"

"Sasa sisi ni wa tatu kwa wingi Ujerumani nzima, nyuma ya wasaga unga na wahunzi. Darasani kwangu tulikuwa watatu. Daktari wetu wa meno alikuwa Schneider, na polisi aliyenikamata na baiskeli isiyo na taa alikuwa Schneider."

"Basi nyote ukoo mmoja."

"Hata kidogo! Kila kijiji kilikuwa na fundi wake. Mimi na Schneider wa mlango wa pili hatuhusiani hata kwa kuku."

Thabit, ambaye kwa kawaida darasani hazungumzi ila breki na kioo, akageuka. "Na kabla ya huyo fundi wenu wa kwanza? Mlikuwa kina nani?"

Ulrike akainua mabega. "Hatujui. Sisi tunaanzia kwake."

Zamu yetu ikafika. Ulrike akarudi nyuma, akaendelea kurudi nyuma, na Thabit, mwenye breki yake ya pili chini ya mguu, alikuwa anatazama mbele hayupo duniani. Tukalipiga pipa mpaka likaanguka. Miaka ishirini na mbili ya kazi, la kwanza hilo kumponyoka.

Usiku ule baada ya chakula alituita mimi na Hind. "Alhamisi nitasema kweli," akasema. "Babu yetu alikuwa fundi, na zaidi ya hapo hatujui. Anas asije."

Nikaruka. "Thabit! Unamuuza mtoto kwa ajili ya neno la Mdachi aliyeshindwa na pipa?"

"Neno si lake. Babu alitushonea jina kwa mkono wake, nikalivue niazime la watu? Mkataa kwao mtumwa, Shariffa."

Neno hilo, kwa hofu niliyokuwa nayo mimi, lilinichoma. Nikamtazama Hind, niliona ndiye wakili wangu. Mtoto alikuwa kainamisha kichwa.

"Sema kweli, Baba," akasema. "Lakini ujue nikimkosa Maan nitalia, na mtu asiniambie ninyamaze."

Ningetulia hapo, ningekuwa mtu mzima. Sikutulia. Nilimpigia Anas asubuhi, nikamwambia aende Ansab kwa Sheikh Hamood, aape kimya kimya, na Thabit asijue. Nilijiambia nampigania mwanangu. Nilikuwa nampigania, wallahi, lakini nilikuwa nimeshaambiwa hapana.

Wiki ya pili, Alhamisi, wakaja wanaume saba, kanzu zimepigwa pasi, udi unanukia mpaka jikoni. Mimi na Hind tulisimama nyuma ya mlango wa sebule ya wanaume. Halwa ikapita, kahawa ikapita. Sheikh Hamood ni mwembamba, sauti yake kavu, na hakuzunguka.

"Ndugu Thabit, nyinyi ni watu wa kabila gani?"

"Sijui," akasema Thabit. "Babu yetu alikuwa fundi cherehani, mtu mwema, na jina letu ni kazi yake. Kabla ya hapo sina ujuzi, na sitakuongopea."

Hind akanishika mkono.

"Ajabu," akasema Hamood. "Jumatatu alikuja kwangu mzee Anas, akala yamini kwamba nyinyi ni watu wa kabila kubwa."

"Kaapa uongo. Mimi sikumtuma."

"Nani basi aliyemtuma?"

Mlango ulikuwa mbele ya pua yangu. Ilikuwa nisukume tu, niseme ni mimi. Miaka thelathini nimewakaripia madaktari wodini, ulimi haujawahi kunikauka, na siku hiyo ukanikauka. Hamood akakitikisa kikombe chake, ishara ya kwamba kahawa imetosha, akasimama, na wenzake wakasimama. Walikuja kuposa na neno la posa halikutamkwa. Maan alitoka wa mwisho, kavaa viatu kinyume.

Thabit akatufuata jikoni. Alinitazama tu. Hakuuliza, maana alikuwa anajua.

"Shangazi," akasema Hind, "ni wewe?"

"Ni mimi."

Akaenda chumbani kwake akalia, mlango wazi. Sikumwambia anyamaze.

Siku tatu nyumba yetu ilikuwa ya watu watatu wanaopishana. Chakula nilichopika hakikuliwa. Siku ya nne nikavaa buibui langu jipya, nikachukua gari, nikaenda Ansab peke yangu. Njia nzima naongea na nafsi yangu, na nafsi yangu haikuwa na adabu. Bi Wadha akanifungulia, akashangaa, nikamwambia nnataka kumuona Sheikh Hamood, akae na yeye asikie.

Sheikh alipokuja nikamwambia mbele ya Bi Wadha: "Aliyemtuma Anas ni mimi. Ndugu yangu alikataa, mimi nikampita kwa nyuma. Siku ile nilikuwa mlangoni nikaogopa kusema. Ukitaka kukasirika nikasirikie mimi, mtoto hana kosa na baba yake hana kosa."

Hamood akaniashiria nikae.

"Nilipanda gari siku ile nina hasira," akasema. "Nikasema watu hawa hawana hata uongo mmoja waliokubaliana. Kisha nikafika nyumbani, nikafikiri. Bibi, nimezeeka nikiuliza watu swali hilo. Kila mtu ana jibu. Wengine majibu yao nayajua yametoka wapi, nikanyamaza nikala wali wao. Ndugu yako kaletewa kabila mpaka mlangoni, bure, binti yake yuko nyuma ya mlango, na kalikataa. Kwa mtu kama huyo sina hofu na mtoto wangu."

Nikalia. Mtu mzima mimi, nikalia mbele ya mwanamume wa watu, na Bi Wadha akanipa kanga yake nijifute.

"Alhamisi tutarudi," akasema Hamood. "Na wewe usimtafutie mtu mwengine kabila."

Nikarudi Azaiba nikamweleza Thabit neno kwa neno, hata lile la mwisho. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia, "Ulipita njia yote ile peke yako?" Nikamwambia ndiyo. Akanimiminia chai mwenyewe, jambo ambalo halijapata kutokea nyumbani kwetu.

Akdi ya ndoa ilifungwa mwezi uliofuata, sebuleni kwetu, wanawake tumejaa upande wa pili mlango nusu wazi. Wapo jamaa zao ambao hawakuja, na ninawajua mmoja mmoja, na watu wataendelea kusema kwenye kahawa. Na waseme. Hind alikuwa kavaa kijani, hina mpaka viwikoni, ananiminya vidole mpaka vinauma.

Sheikh wa kufungisha akafungua daftari lake. Akaandika jina la Maan na ukoo wake wote, mrefu, na kabila lake mwisho. Kisha akauliza jina la bibi harusi.

"Hind binti Thabit bin Badr bin Salem," akasema Thabit, na sauti ikamkatika.

"Wa?" akauliza sheikh, kalamu juu.

Thabit alikuwa analia, hawezi kutoa neno. Wanaume wote wakamtazama. Nikausukuma ule mlango kwa mkono wangu wote, nikaingia kati ya wanaume.

"Al-Khayyat," nikasema. "Al-Khayyat. Andika."

Akaandika.