Tulivyovusha Moto Wakati wa Kujitoa

Kipindi kile nchi nzima ilikuwa inajitoa. Asubuhi ilijitoa redioni, mchana ikajitoa sokoni, na jioni, pale kwenye kibanda cha fundi viatu, ilikuwa imeshajitoa kabisa, imebaki kufunga geti tu. Chanzo chake ni mheshimiwa mmoja, simtaji, aliyesema kwamba jumuiya hii tuliyomo na nchi jirani inatunyonya, na kwamba umefika wakati wa kupima kama tuendelee kukaa au tutoke. Yeye alisema tupime. Lakini habari hadi iteremke Tunduma huwa imeshakomaa, na iliyotufikia sisi ilikuwa kwamba tunatoka, na anayepinga apimwe akili.

Kwa asiyeujua mji wetu, niseme hivi: ukimwaga maji ya kufulia uani kwangu, yanakwenda Zambia. Hayaulizwi. Mimi nauza mchele wa Kamsamba, na asubuhi wateja wananiamkia kwa Kibemba, "Mwashibukeni, mayo," nami naitikia, "Eya mukwai," napima mchele, napokea kwacha, maisha yanaendelea. Sisi Wanyamwanga tuko pande zote mbili, na msiba ukitokea hatuulizani kwanza umetokea nchi gani. Ndiyo maana nilipowasikia watu niliokua nao wakisema "wale wenzetu wa ng'ambo wanatumaliza," nilitazama nyuma yangu kuona wanawazungumzia kina nani.

Aliyejitoa kuliko wote alikuwa mdogo wangu wa kiume, tumbo moja na mimi. Ni dalali wa mahindi. Maana yake ni kwamba mpaka usingekuwepo angekuwa analima kama baba yetu, na jembe hakulipenda tangu utotoni. Alikuwa na laini mbili za simu, moja ya kila upande, alioga kwa sabuni ya ng'ambo, na blanketi alilojifunika usiku lilivukia kichwani kwa mama mmoja, pamoja na mafuta ya kupikia. Kila jioni alipiga simu redioni. Alikuwa na sauti nzuri, nzito, na watangazaji walimpenda kwa sababu hakuishiwa maneno. "Mpaka ni mpaka," alikuwa anasema. "Uheshimiwe. Kila kinachovuka kifunguliwe kionekane."

Siku moja nilimwuliza tukishatoka atakula nini. Akanijibu, "Dada, uzalendo hauulizwi habari za tumbo." Alinijibu hivyo akiwa mezani kwangu, na ugali ulikuwa wa pili.

Kanisani nako mambo yalikuwa yaleyale. Waliokuwa wanataka tubaki walipata mstari wao kuhusu vilivyounganishwa, na waliotaka tutoke wakapata wao kuhusu kutoka katikati ya mataifa. Mchungaji, mtu mwenye busara na paa la kanisa lisilokwisha, aliwashukuru wote na kutangaza harambee.

Sasa mimi nilikuwa na jambo langu, na sikuwa na nafasi ya mambo ya mataifa. Nina mtoto mmoja tu, binti, na alikuwa ameolewa ng'ambo. Si mbali. Nikisimama nyuma ya nyumba yangu nasikia nyundo za gereji ya mumewe wakibandua matairi. Mkwe wangu ni Mbemba, kijana mpole, mchapakazi, sina neno naye. Lakini kwao mwanaume hali chakula nyumbani kwa wazazi wa mkewe mpaka mama zake mke wapike, wabebe vyungu wenyewe, wamfuate kwake na kumfungulia kimoja kimoja. Wanaita icilanga mulilo, kuonyeshwa moto. Ndoa ya kanisani ilishafungwa, moto ulikuwa bado.

Kwa hiyo Jumapili walikuja, mkwe akakaa barazani, akapiga makofi ya heshima, akakataa hata muhindi wa kuchoma. Binti yangu alikula ndani harakaharaka, macho yakiwa mlangoni, maana utatafunaje ukashiba na mumeo yuko nje na njaa? Baadaye wakawa wanakuja kusalimia tu, wamesimama. Kisha ikawa anakuja peke yake, mara mojamoja. Nilikuwa namkosa mtoto kwa sababu ya sufuria, na roho iliniuma. Nilitaka mkwe wangu ale kwangu, ili mwanangu apate sababu ya kukaa.

Msafara wa namna hiyo lazima uongozwe na mwanaume wa ukoo. Baba yake binti alishafariki, kwa hiyo akabaki mjomba. Nikamwendea.

"Dada, tusubiri," akasema. "Nchi iamue kwanza. Huwezi kuingia mikataba mipya na watu wakati unajitoa."

"Mimi sisaini mkataba. Napeleka kuku."

"Ndiyo hivyohivyo inavyoanza."

Tukasubiri. Nchi haikuamua. Mwishowe nikampelekea habari kwamba mezani kwangu hapana ugali wa mzalendo yeyote mpaka jambo langu liishe, na akakubali siku ileile. Ila aliweka sharti: tusipite uchochoroni. Yeye, mtu anayesikika redioni, hawezi kuonekana anaruka mfereji na sufuria. Tutapita getini, kwa vitambulisho, kama watu wa nchi mbili. Nilikubali. Ningekubali hata tupitie angani.

Wifi yangu, shangazi yake binti, alishuka kutoka Ibaba na maharage na jogoo wa kienyeji mwenye shingo ndefu. Kwao Ileje, Malawi iko hapo tu, wanavuka mto kwenda kusaga. Nilipomweleza habari za kujitoa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mashine ya kusaga nayo inajitoa?" Nikamwambia amwulize shemeji yake. Hakumwuliza, alikuwa anachambua maharage.

Tulipika tangu alfajiri. Jogoo alipikwa mzima, maana kuku wa mkwe havunjwi hata kidole. Ugali, maharage, mboga za majani, dagaa. Kila chungu tukakifunga kitenge na fundo juu, na fundo hilo halifunguliwi njiani na mtu yeyote. Anayelifungua ni shangazi, mbele ya mkwe. Nyuma ya nyumba uchochoro ulikuwa wazi. Ukimpita muuza mkaa na kuruka mfereji, umeshafika, na ugali unafika unatoa moshi. Wifi aliutazama ule uchochoro, akanitazama mimi. Mdogo wangu alikuwa ameshavaa koti.

Getini palikuwa na foleni. Tulisimama na vyungu vichwani katikati ya madereva wa malori, mdogo wangu mbele na vitambulisho vyetu mkononi, kifua nje. Alikuwa na furaha, niseme ukweli. Hatimaye tukafika kwa ofisa mmoja, dada mpole mwenye miwani.

"Mmebeba nini?"

"Chakula," mdogo wangu akajibu.

"Cha biashara?"

"Cha mkwe."

"Haya, fungueni nione."

Wifi alishusha chungu cha kuku, akakiweka chini na kukikumbatia kwa mikono miwili. Mdogo wangu akasafisha koo. "Hivi havifunguliwi, ofisa. Ni mila."

Yule dada akamtazama vizuri. "Mzee, hii sauti naijua. Si wewe unayepiga simu redioni jioni? Unasema kila kinachovuka kifunguliwe?"

"Mimi nilikuwa nazungumzia malori," akasema mdogo wangu.

Sikucheka. Nilikuwa nausikia ugali unapoa juu ya kichwa changu. Dada wa watu hakuwa na kosa, alikuwa anafanya kazi yake kama ilivyotakiwa, tena kama mdogo wangu mwenyewe alivyodai mbele ya taifa. Akatuomba tukae pembeni amsubiri mkubwa wake, ambaye alikuwa kwenye malori. Tukakaa. Mama mmoja mwenye furushi la nguo akauliza tunakokwenda. Wifi akamwonyesha kwa kidole gereji ya matairi. Akauliza tulikotoka. Wifi akamwonyesha paa la nyumba yangu. Yule mama alitutazama kama unavyomtazama mtu aliyepitia Mbeya kwenda choo cha uani.

Mkubwa alipofika alikuwa mzee wa makamo. Aliviangalia vitenge, akaviangalia vile vifundo, akaweka kiganja juu ya chungu cha ugali. "Na mimi nilionyeshwa," akasema taratibu. "Nendeni, mama zangu. Kimeshapoa."

Mdogo wangu alihesabu huo kuwa ushindi. Ng'ambo saa yao iko nyuma ya yetu, kwa hiyo muda wote ulioliwa na foleni tukarudishiwa, tukafika kama tulivyoahidiana. "Mnaona?" akatuambia njiani. "Mkifuata taratibu hamchelewi." Laiti chakula nacho kingekuwa kinafuata saa ya ng'ambo.

Tuliingia tukiimba, tukapiga magoti, vyungu vikapangwa mbele ya mkwe aliyekaa mkekani, ameinamisha kichwa kwa aibu nzuri ya mwanaume anayeheshimiwa. Binti yangu alikuwa ukutani na mawifi zake. Shangazi akafungua fundo la kwanza. Hakuna kilichopanda. Ugali ulikuwa umejikunja, umefanya ngozi. Kuku alikuwa ameganda mafuta. Shangazi mmoja wa upande wao akanyoosha mkono, akagusa pembeni ya chungu, akauliza kwa sauti ya utani ambayo si utani, "Bamayo, mmetuletea moto au mmetuletea majivu?"

Wakacheka. Na sisi tukacheka, utafanyaje. Mdogo wangu akaanza kueleza habari za taratibu za mpakani, hakuna aliyemsikiliza. Nilijisikia vibaya sana. Nilikuwa nimengoja siku hiyo kama mtu anavyongoja mtoto atoke wodini, na sasa nilikuwa nimepiga magoti kwa watu na chakula baridi.

Hapo binti yangu akainuka. Alikusanya vyungu kimoja baada ya kingine akavipeleka jikoni kwake, na nikasikia akichochea mkaa. Nikainuka na mimi, nikajifunga kitenge kiunoni, nikamfuata. Ni kitu cha kawaida, mtoto akiwa jikoni na mama yupo, mama anaingia. Yeye ndiye niliyemfundisha kusonga ugali akiwa amesimama juu ya kigoda.

Akanikuta mlangoni, mwiko mkononi. Akapiga goti kidogo, kwa adabu kabisa.

"Mama, kaa. Mgeni haingii jikoni."

Maneno hayo ni yangu. Nilikuwa nawaambia wageni wote waliowahi kuja kwangu, naye alikuwa anayasikia tangu mdogo. Nikarudi nikakaa kwenye kiti walichonipa, kizuri, chenye kitambaa. Kidogo akaja mtoto wa kike na beseni na maji ya kunawa, akaanza na mimi.

Chakula kilirudi kinafuka. Mboga alikuwa amezitia karanga za kusaga, kama wanavyopika wao, na zilikuwa tamu kuliko nilivyozipika. Shangazi akafungua upya, mkwe akala, vigelegele vikapigwa. Tulikwenda kumwonyesha mkwe moto, na moto tulioonyeshwa ulikuwa wa binti yangu. Mdogo wangu alikula mpaka akafungua kifungo cha koti. Alininong'oneza, "Dada, hawa watu ni wakarimu. Hata tukitoka, tutoke nao vizuri."

Nikamwambia anyamaze ale.

Nchi haijatoka mpaka leo. Mheshimiwa amehamia jambo jingine, redio imemfuata, na mdogo wangu siku hizi anapiga simu kuhusu mbolea. Watu pale kwa fundi viatu wakikumbushwa wanasema hawakuwahi kusema tutoke, walisema tupime. Uchochoro uko palepale na maji yangu ya kufulia yanaendelea na safari yake.

Na mimi jambo langu lilitimia. Jumapili ya kwanza baada ya moto mkwe wangu aliingia ndani, akakaa mezani kwangu, akala ugali kama mtu aliyekuwa amewekewa deni la njaa. Mdogo wangu alikuwepo, bila shaka. Nilikuwa nimefurahi mpaka nikawa nazunguka tu bila kazi. Mboga zilikuwa zimepungua chumvi, binti yangu akasema, "Kaa, mama, naleta mimi," akaingia jikoni. Nikakaa. Nikamsikia anafungua kabati, anafunga. Anafungua lingine.

"Mama," akaita kutoka kulekule, "chumvi siku hizi unaweka wapi?"

Mdogo wangu aliacha kutafuna akanitazama. Chumvi iko kwenye kopo la maziwa, dirishani, mkono wa kushoto ukiingia. Imekaa hapo tangu mtoto yule hajaanza kutembea, na sijawahi kuihamisha.

Nikainuka, nikaenda kumwonyesha.